Mji kwanza, kiwanja baadaye

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za matangazo siku hizi hazikosi viwanja vya Mkoa wa Pwani: Kibaha, Mlandizi, Kisarawe, Bagamoyo, Mkuranga. Kila tangazo lina bei, lina "mita chache toka lami", na mengine yana picha ya shamba lililopitishwa greda juzi tu. Anayesoma ni mpangaji wa Tabata au Sinza aliyechoshwa na kodi na foleni. Anataka mji mdogo wenye hewa, majirani wanaosalimiana, na mahali watoto wanapoweza kucheza nje. Analipa awamu ya kwanza, na mwaka wa pili ndipo anapotambua kwamba mji hakuuchagua yeye, ulichaguliwa na bei. Naomba nafasi nieleze namna mji wa kuhamia unavyopimwa, kwa sababu makosa ni yaleyale kila mwaka na karibu yote yanazuilika kabla fedha haijatoka mfukoni.

Cha kwanza ni barabara. Dar es Salaam imetandaza vidole vinne. Barabara ya Bagamoyo inapita Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo yenyewe. Barabara ya Morogoro inapita Ubungo, Kimara na Mbezi, ikafika Kibaha na Mlandizi. Ya Nyerere inapita uwanja wa ndege, inaingia Gongo la Mboto na Pugu, ikapanda Kisarawe. Ya Kilwa inapita Mbagala, Kongowe na Vikindu hadi Mkuranga. Kazi yako ipo kwenye kidole kipi? Tafuta mji kwenye kidole hichohicho. Anayefanya kazi Kurasini akajenga Bagamoyo kwa sababu ya upepo wa bahari atavuka jiji zima mara mbili kwa siku, na kuvuka huko, kwa Barabara ya Mandela au ya Sam Nujoma, ndiko kunakokula muda kuliko umbali wenyewe.

Kwa kipimo hicho, Kibaha, kama kilomita 40 toka katikati ya jiji, inamfaa mtu wa Ubungo, Mbezi au Kimara. Ni makao makuu ya mkoa, ina Hospitali ya Tumbi, na ukirudi kidogo upande wa jiji ipo Mloganzila. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa ikawa na njia nane. Tatizo lake ni malori: mizigo mingi ya bara hupita hapo, kwa hiyo nyumba iliyo karibu na lami haina usingizi. Mlandizi ni kwa mwenye shughuli zake hukohuko, hasa sasa bandari kavu ya Kwala inapofanya kazi. Mkuranga inamfaa mtu wa Mbagala na viwanda vya Barabara ya Kilwa. Bagamoyo ni mji mzuri kuishi, lakini kwa safari ya kila siku ya kwenda Posta, katikati ya jiji, siupendekezi kwa mtu yeyote. Ni mji wa aliyestaafu, mwalimu wa hukohuko, au anayeingia jijini mara moja au mbili kwa wiki. Kisarawe husahaulika mno. Upo juu ya vilima vya Pugu, hewa yake ni ya ubaridi kidogo, msitu uko jirani, na toka katikati ya jiji ni kama kilomita 30 na ushei. Kwa mfanyakazi wa uwanja wa ndege, Vingunguti au Gongo la Mboto, sioni mji unaoushinda.

Umbali wa kilomita, hata hivyo, haupandishi mtu daladala. Dalali atakupeleka Jumapili saa tano asubuhi kwa gari dogo, mtafika kwa dakika 50, na hizo dakika 50 ndizo utakazosimulia nyumbani. Pima mwenyewe siku ya Jumatatu, kwa usafiri utakaoutumia kweli, kwenda na kurudi. Anzia mlangoni pa nyumba, siyo kituoni. Andika muda wa bodaboda toka mtaani hadi barabarani, muda wa kusubiri daladala, muda wa kubadili gari Mbezi au Gongo la Mboto, na muda wa kutembea hadi kazini. Ukipata saa 2 na dakika 15 kwa njia moja, hizo ni saa 4 na nusu kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni saa 99. Saa 99 ni zaidi ya siku 12 nzima za kazi, kila mwezi, umekaa au umesimama ndani ya gari. Nauli nayo ipigwe hivyohivyo: vipande vyote vya safari, mara mbili, mara 22, na bodaboda imo. Wengi husahau bodaboda, na mara nyingi ndiyo inayozidi nauli ya daladala.

Jioni ndipo penye mtihani wenyewe. Angalia gari la kwenu linaanzia wapi. Kama halianzii karibu na kazini kwako, utalazimika kugeuza nalo, yaani kulipanda likiwa linakwenda kushusha ili ulipate siti linaporudi, na hapo umelipa nauli mbili. Uliza pia gari la mwisho ni saa ngapi na linafika wapi. Usiku ukiingia, daladala hukatisha ruti: limeandikwa Mlandizi, lakini Maili Moja mnaambiwa mshuke. Kilichobaki ni bodaboda kwa bei ya usiku. Wakati wa masika ongeza jambo moja kwa watu wa Barabara ya Morogoro. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hufungwa na mwendokasi haupiti, kwa hiyo ujue mapema utazungukia wapi.

Kuhusu treni, tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, madalali wa Soga na Ruvu wamepata wimbo mpya. Stesheni zipo kweli. Ila si kila treni inasimama hapo, na stesheni nyingine zimejengwa mbali na makazi. Chukua ratiba mkononi na uangalie mambo matatu: treni ya kwanza inayosimama hapo inafika jijini saa ngapi, ya mwisho inaondoka jijini saa ngapi, na toka stesheni hadi kwenye kiwanja ni mwendo gani usiku. Jibu la swali moja likikosekana, hesabu kama vile treni haipo.

Sasa maji, na hapa naomba msomaji atulie. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya ukanda huu hutoka Mto Ruvu kwa mitambo miwili. Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na bomba lake hufuata Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha hadi Kibamba na Kimara. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, umejengwa kwa lita milioni 270, na bomba lake hufuata Barabara ya Bagamoyo. Mitambo ni miwili ila mto ni mmoja. Vuli ikikosa kunyesha mto hushuka na mgawo huingia pande zote, kama ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa hiyo swali la "bomba linapita?" halina maana kubwa. Uliza maji yanatoka siku zipi, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikatika kwa muda gani. Usimuulize muuzaji wa kiwanja. Muulize mama lishe, fundi bomba wa mtaa na mwenye kuosha pikipiki, kwa kuwa hao hawawezi kukaa bila maji.

Na macho yako yakusaidie. Mtaa wenye matanki makubwa kila nyumba, na mikokoteni ya madumu ikipita asubuhi, ni mtaa ambao maji yake ni ya kubahatisha. Ukikuta dumu la lita 20 lina bei inayojulikana na kila mtoto, umeshapata jibu. Nyumba za mwinukoni hupata maji mwisho na hukosa kwanza. Kisarawe ilipata maji ya uhakika zaidi mwaka 2020, yanasukumwa kwa pampu toka Kibamba, kwa hiyo huko umeme ukikatika muda mrefu na maji hufuata. Hilo si sababu ya kuukwepa mji, ni sababu ya kununua tanki la kutosha.

La kutosha ni lipi? Mtu mmoja anayejibana hutumia madumu matatu kwa siku, sawa na lita 60. Familia ya watu watano ni lita 300. Tanki la lita 1,000 litawafikisha siku tatu tu, la lita 5,000 siku 16. Paa nalo ni chanzo kinachodharauliwa. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Mvua moja ya masika ya milimita 20 inaleta lita 2,000, na ukitoa zinazopotea kwa kurukia nje na za kusafishia bati, utabaki na kama 1,600. Anayeweka gata nyumba nzima anapumua miezi mitatu. Nyumba nyingi zina gata mbele tu, kwa ajili ya urembo.

Kisima kina mambo yake. Kadiri unavyokaribia bahari, maji ya chumvi huwa tatizo la kawaida, na kuchimba zaidi si lazima kukuletee maji yasiyo na chumvi. Mara nyingine ndiko kunakokufikisha kwenye chumvi. Kabla ya kununua, omba maji kwa majirani watatu wa pande tofauti na uwaulize kina cha visima vyao. Fua kitambaa kwa sabuni ya mche: isipotoa povu, maji ni magumu. Tazama ndani ya birika lao kama limeota ukoko mweupe. Maji ya chumvi hayaharibu chai tu. Ukiyachanganyia zege, nondo huanza kushika kutu ndani na nguzo hupasuka baada ya miaka michache, fundi akalaumiwa bure. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Shimo la choo nalo linatakiwa lisipungue mita 30 toka kwenye kisima. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 hilo haliwezekani, na hata ukiwezana na choo chako, kipo cha jirani. Viwanja vikiwa vidogo hivyo, sahau kisima cha kunywa.

Watu huniuliza sana mji upi una watu wakarimu. Jibu halipo kwenye jina la mji. Lipo kwenye mtaa, na linapimika. Ndiyo maana nasisitiza: panga kwanza, miezi sita, na masika yawe ndani ya miezi hiyo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko msingi uliouacha porini. Ukishapanga, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua yako ya utambulisho toka ulikotoka, ujiandikishe kwenye daftari la wakazi, na umjue mjumbe. Soma ubao wa matangazo pale ofisini. Mapato na matumizi yamebandikwa? Ni ya mwaka gani? Uliza mkutano wa mwisho wa wananchi ulikuwa lini. Ofisi ambayo mikutano yake haikai ndiyo hiyohiyo utakayokutana nayo siku mipaka ya kiwanja itakapogombewa.

Halafu angalia misiba. Hakuna kipimo cha ujirani Pwani kinachozidi msiba. Akifiwa mpangaji, siyo mwenyeji, nani anafunga turubai, nani anachota maji, daftari la rambirambi linashikwa na nani? Uliza kama mtaa una chama cha kufa na kuzikana, mchango wake ni kiasi gani, mgeni anaanza kuhesabiwa baada ya miezi mingapi, na kama mpangaji anapokelewa. Uliza ulinzi shirikishi unaendeshwaje, na kama kila nyumba inachangia au wachache wanabeba wengine. Pita saa moja jioni uone kama watu wamekaa vibarazani na kama watoto wanaamkia wapita njia. Angalia kama uwanja wa mpira bado upo au umeshakatwa viwanja. Mtaa uliouza uwanja wa watoto wake utauza na njia yako.

Ukarimu una upande wa pili, na huu wageni hawapendi kuusikia. Kibaha, Kisarawe na Mkuranga ni kwa Wazaramo. Bagamoyo na Chalinze kuna Wakwere, na kila sehemu kuna koo zilizokaa hapo kabla ya lami. Ugomvi mkubwa kati ya wageni na wenyeji huanzia kwenye ukuta. Mgeni anazungushia tofali na kuziba njia ya miguu iliyokuwa ikienda kisimani, msikitini au shuleni tangu enzi za mababu. Kabla ya kujenga ukuta, simama kwenye kiwanja asubuhi mbili uone nani anapita. Uliza juu ya makaburi, kwa sababu mashamba mengi ya Pwani yana makaburi ya ukoo. Yakiwemo, iandikwe kwenye mkataba kwamba ndugu watapita kuzuru. Uliza na miti. Kwa desturi ya huku ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi, mikorosho au miembe ikawa ya mwingine aliyeipanda. Usipomlipa mwenye mkorosho, msimu wa korosho utamkuta uani kwako, na hatakuwa amekosea kwa macho ya mtaa.

Baada ya hayo yote, ndipo kiwanja. Jambo la kwanza hapo ni kipimo. Viwanja vingi vya mkononi huuzwa kwa hatua, na mnunuzi anasikia "20 kwa 20" akidhani ni mita. Hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 80. Hatua 20 ni mita 16, kwa hiyo kiwanja ni mita za mraba 256, wakati wewe umelipia 400 kichwani mwako. Nenda na futi kamba, mpime pamoja, na mkataba uandike mita.

Pili, jua ni ardhi ya aina gani. Kama ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji; sahihi ya mwenyekiti peke yake, nyumbani kwake, jioni, haitoshi. Kama ni ya mjini, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uombe kuona mchoro wa mipango miji. Hapo ndipo watu hugundua kwamba kiwanja kimechorwa kuwa shule, eneo la wazi au barabara. Kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki, miaka iliyobaki, na kama benki imekishikilia. Mwambie mpimaji mwenye leseni akahakiki bikoni, yaani alama za mipaka, kwa kifaa chake. Bikoni huhama, hasa greda likipita. Ardhi ikiwa ya urithi, muuzaji akuoneshe barua ya usimamizi wa mirathi toka mahakamani, ile fomu namba 4, na warithi wengine waonekane. Akiwa ana mwenzi, ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi. Hapa ndipo mauzo mengi yanapovunjika baadaye, mke akirudi toka safari na kukuta msingi.

Tatu, hifadhi. Barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, inalindwa mita 30 kila upande toka katikati. Barabara ya Morogoro ilitufundisha zaidi ya hapo: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa, hifadhi ikipimwa mita 121.5 toka katikati ya barabara. Upande wa Mkuranga ulizia njia ya bomba la gesi litokalo Mtwara. Upande wa Kisarawe ulizia mpaka wa hifadhi ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Upande wa Kibaha angalia nyaya za umeme mkubwa na tuta la reli. Bei ikiwa nusu ya bei ya jirani, mojawapo ya haya huwa ndiyo sababu.

Udongo nitaugusa kidogo. Kichanga kinanyonya maji na ni rahisi kujengea, ila barabara zake hunasa magari kiangazi. Mfinyanzi mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na kuta hupasuka nao; unahitaji msingi wa gharama zaidi. Fika siku moja baada ya mvua kubwa. Alama ya maji kwenye kuta za majirani itakueleza kimo cha msingi unaohitaji.

Ndugu Mhariri, nina ombi moja kwa gazeti lenu. Mnapopokea tangazo la viwanja, mtakeni anayetangaza aandike namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita, chanzo cha maji kinachofanya kazi leo, na muda wa safari hadi jijini kwa daladala ukiondoka saa 11 alfajiri siku ya kazi. Mistari minne haijazi ukurasa. Asiyeweza kuiandika, asichapishwe.

Msomaji wenu,
Kibaha, Pwani